Kamba ya Kuanikia

Jirani yetu, mwalimu wa fizikia, akishaanua nguo haondoki uani. Huifungua kamba na kushika ncha moja kwa vidole vyake vyenye chaki. Ya pili anayo mumewe dirishani, ambaye kiharusi kilimwachia mkono mmoja na kumnyima maneno. Mume hutikisa kwa hasira.

“Baba Watoto, hata uitikise vipi, wimbi haliji upesi. Ikaze kwanza!”

Akiikaza, linafika mara moja.

Jana walitikisa kwa pamoja. Mawimbi yakakutana katikati, kibanio kilichosahaulika kikaruka juu kuliko siku zote, kisha kila wimbi likaendelea na safari yake, zimazima. La mumewe likamgonga kiganjani.

“Na mimi pia,” mwalimu akamjibu.