Kanzu ya Fundo la Kwanza

Jamani, nyie mnacheka mkinisikia nakataa kupima mtoto kwa kamba, mnasema fundi kazeeka na visirani vyake, basi leo nitawaeleza, maana walioshuhudia wengine wameshakufa na waliobaki wameniahidi kunyamaza, ahadi ambayo hawaitimizi. Niliaibika siku ya Idi, mchana kweupe, mbele ya mji mzima wa Bagamoyo, nimevaa kanzu safi na kujifukiza udi, na aliyeniaibisha hakuwa adui. Ni mimi mwenyewe na kipande cha kamba ya ukindu chenye mafundo matatu.

Nianze na hiyo kamba. Zama zile bendera nyekundu ya Sayyid wa Unguja ingali inapepea forodhani na misafara inatoka kwenda bara, nami nikachukuliwa kwenda Unyanyembe, si kubeba mizigo (mabega yangu mnayaona, hata mtungi yanaulalamikia), kazi yangu ilikuwa kushona mahema na magunia yanayopasuka njiani. Nikamwambia mke wangu Zuhura, mwaka mmoja tu. Siku ya kuondoka nikawasimamisha watoto kwenye mwimo wa mlango nikawapima kwa kamba toka kisigino mpaka utosini: Athumani, miaka saba, fundo la kwanza, Mwajuma, miaka minne, fundo la pili, Kibibi alikuwa anatambaa, ikabidi nimlaze mkekani naye anapiga mateke, kwa hiyo fundo lake ni la kukisia. Nikamwambia Athumani, "Nikirudi nitakuvalisha kanzu ya Idi." Akanishika kidole.

Mwaka mmoja ukawa mitano. Vita vilifunga njia, kisha nikashikwa na homa, kisha (hapa msinikatize) nikashikwa na haya, maana mtu aliyeondoka kwao na ahadi anaonaje kurudi na sindano tu? Salamu nilituma mara mbili, sijui zilipotelea wapi. Huko bara nilikaa peke yangu katika kijumba cha udongo, na kila nikimaliza kazi naitoa ile kamba, naisimamisha ukutani, naweka kidole kwenye fundo, nasema, "Athumani, umekula?" Naona aibu kuwaambia lakini ndivyo nilivyoishi, na kwa miaka yote mitano wanangu wakakaa palepale kwenye mafundo yao, hawakuongezeka hata ukucha. Fundi mimi, niliyewashonea nusu ya watoto wa mji huu na kuwaonya mama zao kwamba mtoto anakua, sikujionya mwenyewe hata siku moja.

Nilirudi zimebaki siku kumi mfungo uishe. Nikafikia kwa shangazi yangu Bi Mwanahawa, pembeni mwa mji upande wa njia ya Kaole, na kwa kuwa macho yalishamfifia akanijua kwa sauti. Alilia kwanza, kisha akanieleza. Zuhura alinisubiri miaka mitatu, watu wakamwambia nimekufa, kadhi akaivunja ndoa, naye akaolewa na Omari, seremala, mtu mpole aliyefiwa na mkewe. Sikumlaumu. Kama kadhi ningekuwa mimi, ningehukumu vilevile, lakini moyo uliuma na unauma mpaka leo.

"Watoto lakini ni wako," shangazi akasema. "Nenda kesho ukawaone, mpe Omari mkono, mshukuru."

"Siwezi kwenda mikono mitupu, shangazi."

"Nenda na hiyo hiyo mitupu. Watakutaka wewe."

Hapo ndipo nilipoharibu. Niliamua nisionekane na mtu mpaka siku ya Idi, kisha nitokeze na zawadi mbele ya watu wote, ili kila aliyesema nimekufa au nimewatupa wanangu ajionee. Nilitaka jambo moja tu duniani, Athumani aniite baba na watu wasikie. Basi nikajifungia chumba cha uani, nikaitundika kamba msumarini, nikaanza kushona.

Kushona si kitu, kuchagua ndiko kazi. Mtoto wa miaka saba anataka aonekane mkubwa, ukimpa cha kitoto amenuna. Wa minne anataka chochote alichopewa mwenziwe. Wa kutambaa kila kitu anakitia mdomoni. Nikamshonea Athumani kanzu ya marikani, ile nguo nyeupe nzito, na shingoni nikaitia tarizi ya hariri nyekundu iliyonichosha macho. Mwajuma nikamshonea kanzu ya kike ya kitambaa cha maua. Kibibi, kishati kinachoenea kwenye viganja viwili. Mkesha wa Idi, alasiri, nikajizungushia kilemba mpaka puani nikaenda kwenye duka la Mhindi mmoja karibu na forodha kutafuta vya kuchezea.

"Watoto wana umri gani?" akaniuliza.

"Saba, minne, na mmoja anatambaa."

Akaitazama miguu yangu (miguu iliyotoka safari ya bara haifichiki), akasema taratibu, "Hao ni uliowaacha, bwana, au ni waliopo?"

Nikaona ana maneno mengi huyu. Nikachukua pia ya kuzungusha ya Athumani, mwanasesere wa mbao wa Mwajuma, na njuga mbili ndogo za kumfunga Kibibi miguuni ili ajifunze kutembea, nikaondoka bila hata kumjibu.

Asubuhi ya Idi niliswali safu ya mwisho, kisha nikajitwika sinia lililofunikwa kitambaa, nikashika njia ya uwanja wa pembea ambako watoto wote huenda. Njiani wakaanza kunitambua. "Fundi Mbaruku! Si ulikufa wewe?" "Nimefufuka, jamani, nifuateni muone!" nikajibu, na wakanifuata kweli, mmoja, wawili, kumi, na mpiga zumari aliyekuwa akitafuta mahali pa kupigia akajiunga nasi, tukaingia uwanjani kama harusi, mimi mbele, shingo imekakamaa kwa sinia na kwa majivuno.

Kwenye mti wa pembea alisimama kijana mrefu anawasukuma wadogo. Akanisalimu, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Hebu nishikie sinia hili." Akalipokea kwa mikono miwili kwa adabu, nikamsifu (yashikeni maneno haya), nikamwambia, "Waliokulea wamekulea vizuri. Namtafuta mwanangu, Athumani, mtoto wa Zuhura. Unamjua?"

Akanitazama. Nikadhani hamjui, nikaachana naye.

Nikatoa kamba yangu, nikaishika kwa fundo la kwanza, ncha ikagusa chini, nikawa napita kati ya watoto nikitafuta kimo. Na nikakipata! Kitoto kimoja chenye masikio makubwa kimesimama kinakula halua, fundo likamgota utosini sawasawa. "Mama yako nani?" nikamuuliza. "Mama Zuhura." Mlitaka niulize nini zaidi? Nikapiga magoti mchangani, nikamkumbatia na halua yake, nikalia mbele za watu, kisha nikaitwaa ile kanzu kwenye sinia nikamvisha, nayo ikamkaa, wallahi ilimkaa, mabega mahali pake, pindo juu ya kifundo cha mguu. Nikawageukia watu na machozi yangu: "Tazameni! Miaka mitano, na sikukosea hata kidole!"

Hakuna aliyeshangilia. Zumari likanyamaza katikati ya wimbo. Mtoto akaangua kilio, "Namtaka baba!" nami badala ya kumwachia nikazidi kumbana, "Baba ndiye mimi! Ndiye mimi!" naye akazidi kupiga kelele, "Mimi Hamadi! Mimi Hamadi!" Mwanamke mmoja akasema huyo ni wa Omari, wa yule mkewe aliyekufa, Zuhura anamlea tu, na hapo kicheko kikaanza upande wa pembea kikazunguka uwanja mzima, na mtu mmoja akapaza sauti, "Fundi, kuna wengine huku, wapime wote!" Nikatamani ardhi ya uwanja ule inifukie na kilemba changu.

Kisha kijana aliyeshika sinia akasema, si kwa sauti kubwa, "Athumani ni mimi, mzee."

Nilimtazama juu, naam juu, maana nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikamtafuta mtoto wangu katika uso ule mrefu nikamwona kwenye kidevu, kidevu cha marehemu baba yangu kabisa, na nilikuwa nimempa sinia na kupita. Mzee ni neno la heshima, sote twalitumia. Siku ile lilinikata.

Omari akaja mwenyewe, akaninyanyua, akanipangusa mchanga magotini kama mtu na nduguye. "Karibu, fundi. Kanzu mwachie Hamadi, imempendeza. Twende nyumbani tukale Idi." Angenitukana ningepona upesi zaidi. Nyumbani kwake, Zuhura alinitolea salamu kutoka nyuma ya pazia, "Alhamdulillahi u mzima," basi. Mwajuma, bibie wa miaka tisa, akaiweka kanzu ya maua kifuani ikamfika mapajani, akajibana asicheke, akasema atamvisha mwanasesere aburute pindo kama bibi harusi. Kibibi hakutambaa, alikuja mbio, akazifunga njuga kwenye vifundo vya mikono akapiga kelele nazo mpaka Omari akaomba amani. Athumani alikaa mbali nami, na ile pia ya kuzungusha niliyompa alikwisha kumpa Hamadi.

Ningeishia hapo ningekuwa na afadhali. Lakini mimi nani? Nikaitoa tena kamba. "Njoo, mwanangu, nikupime upya, kesho kutwa utapata nyingine."

Akarudi nyuma mpaka ukutani. "Usinipime."

"Kwa nini?"

"Ulinipima ukaondoka."

Nikaikunja kamba, nikashukuru chakula, nikatoka.

Shangazi alinisubiri mlangoni. "Wamefurahi?"

"Mmoja kapata kanzu."

"Yupi?"

"Si wangu," nikamwambia, nikaingia ndani, nikafungua mafundo yote matatu, na kamba nikaifungia mlango wa banda la kuku.

Nikapanga chumba mtaa wao, nikawa nashona barazani. Mwaka huo ulikuwa mrefu kuliko mitano ya bara, maana kule nilikuwa na mafundo ya kuongea nayo. Mwajuma na Kibibi walikuja, wakizoea kidogo kidogo. Athumani alipita upande wa pili wa njia, "Shikamoo mzee," mimi "Marahaba," akaenda zake. Nikajifunza kumtazama bila kuinua kichwa, leo bega, kesho mkono, na mfungo ulipokaribia kwisha nikamshonea kanzu kwa macho matupu. Sikumpelekea. Niliitundika barazani, nikakaa chini yake na kazi nyingine.

Siku mbili ikabaki pale. Ya tatu akavuka njia.

"Hii ya nani?"

"Ya yule itakayemwenea."

Akaivaa juu ya nguo zake. Mabega sawa, urefu sawa, lakini mikono, jamani, mikono ilimfunika vidole. Nikaona aibu yangu ya uwanjani inarudi yote, mara hii nikiwa na shahidi mmoja tu.

Akaitikisa ile mikono. "Imezidi, baba."

Sikuinuka, niliogopa kulishtua neno lile likarudi lilikotoka. Nilikata uzi kwa meno nikasema, "Ivue, niipunguze."

"Iache tu," akasema, akaikunja mara mbili. "Nitakua."

Basi ndiyo maana, mkiniletea kamba yenye fundo mkasema ndicho kimo cha mtoto, nawarudisha nayo. Mleteni mwenyewe asimame hapa nimwone, na hata nikishamwona, naacha pindo la vidole vinne.