Sishoni Tena Nyuma ya Kihenge

Nakumbuka mchana mmoja wa kuvuna mbaazi, huko Endabash nilikoolewa, nikiwa nimejibanza nyuma ya kihenge cha nafaka na sindano mkononi, huku nyumba nzima ikiamini nimekwenda kutafuta kuni. Nilikuwa na watoto watatu wakati huo. Danieli alikuwa shuleni. Mdogo kabisa alikuwa amelala juu ya kanga kando yangu. Wa katikati, Agnesi, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu, nilimwacha uani akichezea magunzi ya mahindi. Baba yake, Boay, alikuwa hapohapo uani akitengeneza plau. Lishike hilo, mwanangu, kwamba baba yake alikuwa hapohapo.

Nilikuwa nashona blanketi la viraka. Ninyi wa leo mnayaona yamekunjwa kwenye vitanda vya hoteli za watalii pale Karatu mkadhani yameletwa na wageni. Sisi tumeyashona tangu zamani, maana baridi ya huku kwetu, ule upepo unaoteremka kutoka msitu wa Ngorongoro mwezi wa sita na wa saba, haumwulizi mtu kama ana hela ya blanketi la dukani. Mama yangu mzazi ndiye aliyenifundisha. Juu unaunga vipande vya vitenge ulivyookota kwa mafundi cherehani sokoni, katikati unaweka blanketi kuukuu, chini unaweka shuka, kisha unapitisha sindano tabaka zote tatu, mshono mdogomdogo, toka pembe hii hadi pembe ile. Vipande vyekundu nilivipata mnadani kwa rafiki yangu Mmaasai wa Olbalbal. Mimi nilimpa maharage, yeye akanipa shuka za familia yake zilizochakaa. Nilivipenda vile vipande vyekundu kuliko nguo zangu mwenyewe.

Sasa nikuambie kosa langu la kwanza, maana sitaki ufikiri nilikuwa malaika aliyeonewa. Mwaka ule nilikuwa nimeanza mablanketi matatu kwa mpigo. La wifi yangu aliyekuwa karibu kujifungua, la mke wa mwalimu, na la kwangu mwenyewe. Wote niliwaahidi kwamba mbaazi zikiisha kuvunwa na wao watakuwa na mablanketi yao. Kila aliyeniomba nilimwitikia, kwa sababu nilipenda kusikia watu wakisema mkono wa Mama Danieli hauna mfano. Sifa ni tamu, mwanangu, lakini haikusaidii kukamua ng'ombe. Basi nikawa naiba muda. Naaga naenda mtoni, nakaa kichakani nashona. Naaga naenda kwa jirani, niko nyuma ya kihenge. Makande yaliungua sana mwaka ule.

Mchana ule nilipomaliza safu ya mwisho ya vipande vyekundu, nilirudi uani na nikamkuta Boay ameinamia plau yake, nyundo mkononi. Magunzi yalikuwa pale. Agnesi hakuwapo.

Nikamuuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Akainua kichwa, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa. "Si alikuwa na wewe?"

Sitaki kukueleza kwa kirefu tulivyomtafuta. Nyuma ya nyumba yetu kuna korongo ambalo mvua huzidi kulichimba kila mwaka, na mtoto wa umri ule akitumbukia humo hapandi mwenyewe. Niliteremka humo bila viatu nikiita, na kila jiwe jeupe nililoliona niliona ni gauni lake. Wakwe zangu walikuja, majirani wakaja, wanaume wakagawana njia. Jua lilikuwa limeanza kulala upande mmoja tulipomwona jirani yetu wa bondeni anapanda na Agnesi mgongoni, mtoto amekumbatia hindi la kuchemsha. Alikuwa amefuata mbuzi wa yule mama hadi kwake, na yule mama, asijue kwamba huku juu watu wanalia, akamlisha kwanza.

Nilimshukuru Mungu nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi. Kisha watu wakaanza kuuliza nilikuwa wapi, na kitoto kimoja cha jirani kikaonyesha nyuma ya kihenge, na bonge la vitambaa likaletwa mbele za watu.

Kesho yake asubuhi baba mkwe, Mzee Lohay, aliita kikao cha nyumba. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Hakupayuka, hakunitukana. Alisema, "Mama Danieli, mshika mbili moja humponyoka. Nyumba hii haitapoteza mtoto kwa sababu ya matambara. Kuanzia leo sindano iwekwe chini."

Nikamtazama mume wangu. Boay alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Nikasema, "Nimekosa, Baba." Mzee akasema yale mablanketi yote matatu yakatandikwe kwenye banda la ndama, maana ndama wawili walikuwa wamezaliwa na baridi inawasumbua. Hakuna aliyeninyang'anya. Niliyabeba mwenyewe, nikayatandika mwenyewe, na ndama mmoja akakojoa hapohapo nikiangalia. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ninaliona kubwa kuliko la kwanza.

Utasema, lakini mama, si ulikubali ili kuwe na amani? Subiri nikuambie amani ilivyokuwa. Mimi nilidhani zile saa nilizokuwa nashona zitarudi kwa watoto. Hazikurudi. Kazi za nyumbani ni kama lile korongo, unalimwagia maji siku nzima na halijai. Nilipoacha sindano, wifi alinituma zaidi, wageni walikuja zaidi, maharage ya kuchambua yaliongezeka, na hakuna aliyeona kwamba nimetoa kitu. Nikawa mtu wa ukali. Siku moja Danieli alimwaga maziwa, kikombe kimoja tu, nikampiga kofi mpaka akayumba. Hakulia. Alinitazama tu kama anayemtazama mgeni. Nimezaa watoto sita na kulea wajukuu, na yale macho bado ninayo.

Aliyeliona lile kofi ni mama yake Mzee Lohay, kikongwe ambaye sote tulimwita Aama, kama tunavyowaita bibi zetu kwa Kiiraqw. Alikuwa hatembei sana, lakini masikio na macho yalikuwa ya msichana. Aliniita nikapukuchue mahindi naye mlangoni kwake. Tukapukuchua mpaka nusu ya debe.

Kisha akasema, "Siku ile mtoto alipopotea, Boay alikuwa wapi?"

"Alikuwa uani, Aama. Alikuwa anatengeneza plau."

"Hiyo plau iko wapi sasa?"

"Iko shambani."

"Hawakuitandika kwa ndama?"

Sikujua kama nicheke au nilie. Aama hakucheka. Akaendelea kupukuchua, na bila kuniangalia akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote. "Ulishona kama mwizi, ukaacha kama mtumwa. Mimi nakaa hapa nangoja siku utakayoshona kama mwenye nyumba."

Nikajitetea. Nikasema Baba ameshakata shauri, mimi ni nani. Akanikemea, na ukali wake ulinishtua. "Nimemzaa mimi huyo. Namjua anapokuwa na haki na anapokosa. Alikosa, na wewe ulimsaidia kukosa, kwa sababu ulijificha. Mficha uchi hazai, mjukuu wangu. Kama ungekaa katikati ya uwanja ukashona, kila mtu angejua saa hii Mama Danieli ana kazi, na mwenye macho angemtazama mtoto. Wewe ulituambia umekwenda kutafuta kuni. Mtu akienda kuni watu humngoja arudi."

Sikulala vizuri siku kadhaa. Kisha Jumamosi moja nikaenda kwenye banda la ndama. Mablanketi mawili yalikuwa yamekwisha, hayafai hata kufutia miguu. Lile la vipande vyekundu lilikuwa limeliwa pembe moja, lakini liliniita. Nikaliosha maji matatu, nikalianika juu ya uzio wa mbele, unaopitiwa na kila anayekwenda mnadani. Lilipokauka nikawapa watu makande, nikaosha vyombo, nikachukua kigoda, nikakaa katikati ya uwanja. Nikatunga uzi. Nilikosa tundu mara nne.

Nikamwambia Boay, "Nashona mpaka kivuli cha nyumba kifike kwenye kile kisiki. Watoto ni wako mpaka hapo."

Wakati huohuo baba yake alikuwa anaingia langoni.

Mzee Lohay alisimama mbele yangu. Kivuli chake kiliangukia kitambaa. "Nani amekuruhusu?"

Nilijibu kwa sauti ya kawaida, kama ninavyokujibu wewe. "Nimejiruhusu mwenyewe, Baba."

"Na watoto?"

"Watoto wana baba yao. Yuko pale."

Nikaongeza, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka. "Baba, ulisema mshika mbili moja humponyoka. Asubuhi hii nimebeba mtoto mgongoni, ndoo kichwani na kuni mkononi, na hakuna aliyenitajia methali hiyo. Nimeisikia tu nilipoishika sindano."

Aama alikuwa mlangoni kwake, na hakunitetea hata kwa neno moja. Nilikasirika naye siku ile. Baadaye nikaelewa kwamba angenitetea, ushindi ungekuwa wake. Boay alisimama polepole, akajifuta mikono kwenye suruali, nikadhani anakuja kunishika bega aniingize ndani. Alimpita baba yake, akamshika Agnesi mkono, akamweka mdogo begani, akasema, "Twendeni tukaangalie ng'ombe." Ndivyo ilivyokuwa. Hakutoa hotuba. Mwanamume yule hakuwa na maneno, lakini siku ile alitembea.

Mzee Lohay aliondoka. Wiki mbili nzima hakupokea chai mkononi mwangu. Kila asubuhi niliipeleka, nikapiga goti, nikamsalimia, nikaiweka. Kila asubuhi ilipoa pale. Heshima yake nilimpa yote. Sindano sikumpa. Siku ya kumi na tano aliinywa.

Usidhani mambo yalinyooka kama uzi. Boay alipika ugali wa kwanza ukawa mbichi ndani, na watoto waliula wakimtazama kwa huruma. Wifi yangu nilimwambia blanketi lake litangoja mpaka nimalize hili moja, akaninunia hadi mtoto wake akaanza kutambaa. Mke wa mwalimu alisema nimevunja ahadi, na kweli nilikuwa nimeivunja, nikamwomba radhi kwa hilo. Kwa kushona sikuomba radhi. Kuna majuma ambayo homa ya mtoto au palizi ilikula kila Jumamosi yangu, na blanketi lile lilinichukua mwaka na nusu. Haba na haba. Baba mkwe aliingia kaburini bila kukiri kwamba nilikuwa na haki, na nilimlilia kwa dhati, kisha nikagundua kwamba nilishaacha zamani kuhitaji akiri.

Wewe je? Najua maisha yako. Unaamka giza, unapanda pikipiki kwenda kutandika vitanda vya wageni, unarudi jioni kukuta vyombo, madaftari ya watoto, mama mkwe anaumwa mgongo. Kuna kazi ya mikono yako uliyoianza, imekunjwa chini ya kitanda, na unajiambia utaimalizia watoto wakikua. Mwanangu, watoto wakikua wataleta wajukuu. Ningeingoja nyumba yangu itulie, hadi leo nisingekuwa nimetoboa kitambaa.

Kwa hiyo nakuambia waziwazi. Anza kimoja, ukimalize, na anayeomba cha pili mwambie angoje. Ukikosea, kubali umekosea, lakini usiwapokee lawama za wengine ukazibeba kama zako. Saa yako itaje kwa sauti, kila mtu aisikie, na mtoto umkabidhi mtu kwa jina kabla hujakaa, maana mtoto aliyeachiwa wote hajaachiwa mtu. Kaa pale wanapopita. Watakuruka, watanung'unika, wataleta methali. Methali tunazijua sote, nawe wajibu kwa zako. Wanaotaka watu wao wapate joto waache mkono unaoshona ufanye kazi, na asiyetaka basi asikusumbue. Usimtukane mkubwa. Usimwachie pia kilicho chako. Na ukimwona binti mwingine amejificha na kazi yake, usimcheke wala usimfichue. Mwekee kigoda karibu na chako.

Mungu akupe vidole visivyokufa ganzi, macho ya kuliona tundu la sindano hata uzeeni, mume anayejua kutembea, na nyumba itakayojifunza kukungoja. Nenda kwa amani, mwanangu, na usiiname.