Kifungo cha Koti la Ewald Tschirner

Mume wangu Ewald Tschirner hakumuua mtu. Naanza na hilo kwa sababu Berlin ya upande wetu ilimpongeza kwa kuua, na Berlin ya upande wa pili ikamsaka kwa mauaji hayo hayo, na pande zote mbili zilisema uongo.

Alikuwa mfagia dohani, msafishaji wa mabomba ya moshi ya juu ya paa, kama baba yake na babu yake. Alivaa koti jeusi lenye safu mbili za vifungo vya shaba, nami nilivisugua kila Jumapili mpaka ving'ae. Begani alining'iniza kamba yenye brashi na tufe la chuma, lile linaloshushwa ndani ya dohani ili livute brashi chini. Tufe lilipigwa muhuri wa jina la ukoo. Washindi wa vita walipougawa mji, mstari mweupe ulipakwa katikati ya mtaa wetu. Nusu ya dohani zake zikabaki upande wetu, kwa Wafaransa, nusu zikawa kwa Warusi. Aliendelea kuvuka kila asubuhi kwa baiskeli, na askari walimwachia apite, kwa sababu hata askari hataki kufa kwa moshi.

Tena kwetu ukikutana na mfagia dohani asubuhi, unashika kifungo chake na kukizungusha ili upate bahati. Hata mchungaji wetu alifanya hivyo, akidhani hatumwoni.

Kiangazi kile cha mwaka arobaini na nane Warusi walikuwa wamefunga barabara za kuleta mizigo upande wetu, na ndege za Wamarekani zilinguruma juu ya paa zikileta unga na makaa. Polisi wa upande wa pili, Wajerumani wenzetu chini ya Warusi, walikuwa wameshavuka mstari na kumburuta mwanamke mmoja kwa nywele, soksi zake zikabaki kwetu. Kutoka siku ile wanaume walitembea na vipande vya tofali mifukoni. Matofali tulikuwa nayo mengi, nusu ya mji ilikuwa kifusi.

Wa kwanza kujaza mifuko alikuwa Bruno Kaddatz, muuza makaa asiyekuwa na makaa. Yadi yake ilitazamana na mstari. Siku nzima alikaa pale akilea hasira, na jioni aliileta kwenye meza ya kilabu ambako yeye na mume wangu waliketi tangu ujana.

"Nani kaanza? Warusi!" alifoka. "Wamekula nusu ya Ulaya, sasa wanataka na kitanda changu."

"Na waliolipua Japani ili kila mtu aone na kutetemeka?" Ewald akamuuliza. "Hao hawakuanza kitu?"

"We Ewald, nani anakulisha?"

"Dohani yako, Bruno. Ndiyo maana nimekonda."

Meza nzima ilicheka, Bruno hakucheka.

Asubuhi ya mauaji yenyewe, mimi nilikuwa dirishani. Ewald alifika kwenye mstari akisukuma baiskeli. Zamu ilikuwa ya Siegmar Lobitz, polisi kijana wa upande wa pili. Ewald alikuwa akifagia dohani ya mama wa kijana huyo tangu Siegmar akiwa anatambaa.

"Mzee Tschirner, umeoga masizi leo?"

"Na wewe umeoga nini, kijana? Uso umekuwa mweupe kama jibini."

"Mke wangu yuko hospitali, anajifungua. Tangu jana mtoto hatoki. Hebu nipe bahati, mzee."

Akanyoosha mkono, akashika kifungo kifuani mwa mume wangu, akakizungusha.

Kutoka yadini Bruno aliona mgongo wa polisi na mkono umekamata koti. Hakuuliza. "Wanamkamata Tschirner!" akapiga kelele, na tofali lake likaruka. Ndilo lililotangulia. Niliona kwa macho yangu.

Lilimpata Siegmar sikioni, akapiga magoti bila kuachia kifungo. Mvua ya matofali ikafuata. Polisi wenzake walitoka kwenye kibanda chao cha zamu wakifyatua risasi. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga foleni ya maji alianguka akishikilia ndoo yake. Watu wetu wakavuka mstari na fito na nyundo. Nilimwona polisi akipigwa mpaka kofia ikazama ndani ya kichwa. Ewald alikuwa amejilaza juu ya Siegmar akimkinga, anapiga kelele, "Mwacheni! Alikuwa anashika kifungo tu!" Bruno akamng'oa kwa nguvu, akamnyang'anya kamba begani, akalizungusha tufe hewani na kulishusha kichwani kwa Siegmar. Akalishusha tena. Kisha akalitupa akakimbia.

Tufe lilibaki upande wa pili, limelowa damu, na jina Tschirner likisomeka wazi.

Kwa hiyo redio yao ilisema fundi aliyenunuliwa na Wamarekani ameanzisha vita mpakani. Redio yetu ilimtuma bwana mmoja mwenye tai. Alitaka Ewald aseme kwamba alitekwa, akajitetea kishujaa.

"Hakuniteka," Ewald alisema. "Alitaka bahati. Na aliyempiga si mimi."

"Bwana Tschirner, ukweli huo utamfaa nani?"

"Mama yake."

Bwana yule alikunja karatasi zake. Jioni ile Bruno na wenzake walimngoja Ewald kwenye ngazi zetu. Walimvunja meno ya mbele na mkono wa kulia. "Nenda ukaseme tena," Bruno alimwambia, akimkanyaga vidole. Alisema tena, kituoni, kwa mdomo uliovimba. Hakuna aliyeandika.

Hakuvuka mstari tena, maana wangemnyonga. Na hakunikubalia nishone kifungo kingine pale palipong'oka. "Kina mwenyewe," alisema.

Baada ya miaka minne aliteleza juu ya paa lenye barafu, akaanguka, akafa. Tulimvalisha koti lake. Makaburini Bruno, sasa ana makaa na tumbo, alisimama mbele ya majirani akaanza, "Rafiki yangu huyu alikuwa wa kwanza kuwapiga Warusi—"

Mwanamke mzee akajipenyeza mbele, ameshika mkono wa mtoto wa kike wa miaka minne. Alikuwa mama yake Siegmar, na mtoto ni yule aliyengojwa hospitali asubuhi ile. Akafungua kiganja: kifungo cha shaba, kikiwa bado na uzi mweusi.

"Nilikitoa kwenye ngumi ya mwanangu nilipomwosha," alisema. "Anayekamata mtu hushika mkono. Hashiki kifungo. Nani alimpiga?"

 Mimi nikamnyooshea Bruno kidole, waziwazi, mbele ya mchungaji. Bibi yule alimpiga Bruno usoni kwa mwavuli mpaka ufito wa mwavuli ukakatika, na Bruno akasimama anavuja damu kwenye nyusi, bila kuinua mkono, na majirani wote wakimwangalia.

Niliomba sindano. Jeneza likafunguliwa, nami nikakishona kifungo mahali pake, na mtoto akakizungusha.

Nimefundisha historia miaka mingi, na wanafunzi huniuliza nani aliyeanzisha ugomvi wa wakubwa wawili, Mrusi na Mmarekani. Nawapa hoja za kila upande. Lakini wakiuliza kuhusu mtaa wetu, nawaambia tofali lilitoka kwetu, na aliyelitupa haitwi Tschirner.