Jina la Mama Chini ya Chupa

Taabu yangu ilianza mwaka wa 1962, nikiwa na miaka tisa. Baba alitoka kunywa pombe ya busaa siku ya soko, akaanguka mtoni, wakamtoa asubuhi amekufa. Nilikuwa darasa la pili. Nilitoka shule wiki hiyo na sikurudi, kwa hivyo ukiona maneno hayajanyooka hapa, ujue mkono huu umezoea jembe. Lakini nimeandika mwenyewe.

Mama alinilea pamoja na dada zangu wawili kwa kuchuna majani ya chai katika mashamba makubwa upande wa Kericho, kikapu mgongoni, na ile mvua ya kila mchana ambayo ni kama nayo imeandikwa kazi. Kwa jasho hilo alinunua shamba dogo kando ya barabara, kabla hujafika Boito. Pombe hakuwahi kuonja. Kanisani ndiye aliyetunza ufunguo. Kila Jumapili anafika kabla ya watu wote, anafungua, anafagia, anapanga viti.

Mimi pia nilichuna chai. Nikauza ngozi, nikabeba maji kwa punda, nikanunua ng'ombe wa kwanza. Hakuna mtu aliyenisaidia isipokuwa huyo mama. Mwaka wa 1990 alinikatia kipande pale barabarani nijenge hoteli ya chai na mandazi. Nikaipa jina lake. Nilimlipa fundi wa rangi akaliandika kwenye ubao juu ya mlango. Mama hakujua kusoma, lakini alisimama na kikapu chake akaangalia zile herufi kwa muda mrefu.

"Hiyo yote ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

Akacheka, akafunika mdomo na leso.

Miaka mitatu baadaye, mtu wa kampuni ya bia akashuka kutoka kwa lori. Alikuwa na kitambi na maneno laini.

"Mzee, umekaa mahali pazuri hivi na unauzia watu chai?"

"Huku ni chai. Ulitaka niuze nini, samaki?"

"Chai watu wanakunywa kwao. Kubali tukuletee bango, viti, miavuli na friji. Wewe kazi yako itakuwa kufungua chupa tu."

Nilikubali kabla chai yake haijapoa. Bango lilikuja wiki mbili baadaye. Lilikuwa bati zito jekundu, la ile rangi ya kuchomwa isiyobanduka, na katikati chupa ndefu kuliko mtu, imechorwa ikitoa jasho. Chini ya chupa waliacha ukanda mweupe wa kuandika jina la baa. Fundi wao akauliza, "Tuandike nini?" Nikamwonyesha ubao wangu wa zamani, nikasema, "Andika hilo hilo."

Sikufikiria hata kwa muda wa kuwasha kiberiti. Nilidhani naendelea kumheshimu.

Wakasimika vyuma viwili kwa simiti. Ukipanda kutoka ile kona ya chini, uliiona chupa kabla ya kuona kanisa. Nilijivuna sana. Hakuna baa nyingine upande wetu iliyokuwa na bango kama hilo. Na walevi hawakuchelewa kupata mzaha wao. Wakitoka kupeleka majani, mmoja anaita mwenzake, "Twende tukanyonye kwa," halafu anataja jina la mama yangu. Wote wanacheka. Nami nilicheka, kwa sababu walikuwa wateja. Kicheko hicho ndicho ningekirudisha kwanza, kama mambo yangekuwa yanarudishwa.

Mama alikuwa mtu wa mwisho kujua. Alikuwa ameona chupa, akaniombea kimya kimya, lakini herufi hakuweza kuzisoma. Mama mmoja wa kanisa ndiye aliyemsomea, wakiwa kwenye mstari wa kupima majani. Mama yangu alikuja moja kwa moja kwenye baa na kikapu kitupu, akasimama nje. Hakukanyaga mlango.

"Ni kweli jina langu liko chini ya hiyo chupa?"

"Ni jina la baa, mama."

"Baa ilizaliwa na nani? Pombe ilinichukulia baba yako, nikanyamaza. Sasa umeipatia na jina?"

"Watu wanakujua mpaka Bomet, mama."

"Walikuwa wananijua."

Wateja walikuwa wanaangalia chupa zao. Akashusha sauti. "Sikuambii ufunge. Wewe ni mtu mzima. Hata chupa iache. Toa jina tu."

Nikamwambia haiwezekani. Nikasema bati ni moja, ni mali ya kampuni, na rangi imechomwa haitoki. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, kwa sauti ya mtu mwenye baa. Ukweli ni kwamba niliogopa watu waseme nimeshindwa na mama yangu. Mwanamume wa miaka arobaini!

Jumapili iliyofuata akarudisha ufunguo wa kanisa. Hakuna aliyemfukuza, hata mchungaji alimsihi. Alisema hawezi kufungua nyumba ya Mungu na jina lake likiwaita watu kwa ile nyingine. Kuanzia hapo alikaa kiti cha nyuma. Na majani yake akawa anayapeleka kwa njia ya chini, ile ya mtoni, mlima mkali na utelezi, ili asipite chini ya bango. Miaka minne nilimwona akipanda huko na kikapu. Nilikuwa naona vizuri sana kutoka kaunta.

Mwaka wa 1997 kifua kikamshinda, akafariki. Nilienda Kericho mjini kupeleka tangazo la kifo lisomwe kwa redio. Karani alikuwa anaandika, mimi naongea.

"Na watu watafikaje nyumbani, mzee?"

"Waambie wakifika kwa bango la bia lenye jina lake, wapinde kushoto."

Akainua kichwa. "Jina la nani?"

"La marehemu."

Akaandika. Mimi nikaondoka, na bado sikuwa nimesikia nilichosema.

Nilisikia kesho yake saa saba mchana. Redio ilikuwa dirishani, akina mama wa kanisa wako uani wanamenya viazi. Matangazo yakafika kwetu. Jina lake, kanisa lake, watoto wake, halafu bango la bia. Visu vikasimama. Yule mama aliyemsomea kwenye mstari wa majani akasema, "Hata leo?" Hakuniambia mimi. Aliviambia viazi vyake.

Siku ya mazishi kila gari lilisimama pale pale. Kwaya ilishuka na sare zao nyeupe, wakajipanga chini ya ile chupa kungojea wenzao, na wakaanza kuimba wakiwa hapo.

Siku mbili baada ya kuzika nilichimba simiti na nikaliangusha bango. Mtu wa kampuni alipokuja alisema hilo limezeeka, atatuletea jipya la taa. Nikamwambia asilete. Lakini sitakudanganya kwamba nilifunga baa. Niliiendesha miaka sita mingine bila bango lolote, na wateja hawakupungua hata mmoja.

Bati nililipigilia kwa zizi la ndama, picha ikiangalia ndani. Mwaka jana kijana mmoja kutoka Nairobi, anayezunguka akinunua mabango ya zamani, akaliona.

"Guka," akaniita, yaani babu, "hoteli kubwa zinatafuta hizi siku hizi. Wanaweka kwa ukuta. Chupa bado ni safi kabisa."

Nikamwambia chukua. Akaligeuza, akapima kwa macho. "Hii jina hatuhitaji. Wacha nikate hapa chini." Akatoa mkasi wa bati kwa gari. Ndama alikuwa amewekwa kwa mama yake kunyonya kijana alipoanza kukata. Alipomaliza, ndama alikuwa bado ananyonya.

"Na hii nitupe, guka?"

"Lete hapa."

Leo nina ekari nne za chai. Nina ng'ombe sita wa maziwa. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitano, tangi la maji, na pikapu moja kuukuu. Nina ile baa, ambayo nimekodisha kwa mama mmoja anauza chai na mandazi, haina jina. Nina kipande cha bati cheupe, urefu wa mikono miwili, chenye jina la mama yangu. Kiko stoo, juu ya magunia ya mahindi.