Sinia ya Siku Tatu

Mume wangu alifanya kazi ya kuhesabu magunia katika ghala moja kule Shimanzi, tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Hakurudi nyumbani na mali. Alirudi na uadui wake na fukusi, wale wadudu wa nafaka.

Stoo yetu ni kijichumba chini ya ngazi, hakina dirisha, na joto la Mji wa Kale unalijua mwenyewe. Basi aliweka sharti. Chochote cha pakiti kinachoingia nyumbani, kiwe mchele, unga au tambi, hakiendi stoo moja kwa moja. Kwanza kitakaa jikoni siku tatu, peke yake, juu ya sinia nyeupe. Siku ya tatu aliinua pakiti moja moja, akawasha tochi ya simu na kutazama chini yake. Pakiti ikiacha vumbi, ina tundu, na ndani, kama alivyosema yeye, mna mtu.

"Fukusi hajui njia ya kuja kwetu," aliniambia. "Sisi ndio tunaombeba."

Mwenye duka la mtaani akimwona anarudi na pakiti alianza kucheka tokea mbali. "Mzee, hiyo nyama sikukulipisha, mbona wairudisha?"

"Haikuchinjwa," mume wangu alijibu, akaiweka juu ya meza.

Mimi nilimwona ana wazimu kidogo. Nilimwambia hivyo mara nyingi, na sasa siwezi kusema sikumwambia.

Alifariki wiki chache kabla ya Ramadhani. Alikuwa ameshanunua tambi za mwezi mzima, pakiti kumi na mbili, zikapita sinia, akazipanga stoo kwa mkono wake. Mimi nikakaa eda. Mwezi ulipoandama, jirani yangu wa mlango wa mkabala alivuka kichochoro magharibi kadhaa na bakuli la futari. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, na mimi sikuwa na moyo wa kupika kitu cha kumjazia.

"Yaweke tu, shoga," aliniambia. "Ukitoka eda utanirudishia. Kwani nakula kwenye bakuli?"

Yakafika mabakuli tisa. Nikaweka nia: siku nitakayotoka nitayajaza tambi za sukari, na ziwe zile alizopanga yeye. Niliona kama ni yeye mwenyewe atakayemshukuru jirani. Nilikaa eda yote nikilishika hilo.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Siku za matanga watu walileta unga, mchele na sukari, kama ilivyo ada. Wifi yangu, dada wa marehemu, aliniuliza kutoka jikoni, "Wifi, hivi viende wapi?" Nikasema, "Tieni stoo." Hakuna aliyekumbuka sinia. Wao nawasamehe, hawakuwa na sharti. Sharti lilikuwa langu.

Eda ilipokaribia kwisha nikafungua stoo. Fukusi walikuwa wakipanda ukuta kwa msongamano, kama watu wanaoshuka feri asubuhi.

Wifi alikuja akachungulia. "Tupa zote. Tambi ni kitu? Nitakununulia dukani sasa hivi."

"Si hizo za dukani."

"Kwani hizi zina nini? Zaidi ya nyama?"

"Hizi zilipita kwake."

Akakunja mikono ya baibui, akaniambia, "Haya, lete hiyo sinia."

Unga wote ulikuwa umeharibika, tukaumwaga. Mchele tuliupeta kwenye ungo, tukauanika darini kwenye jua, fukusi wakakimbia jua wenyewe. Tambi tulizitazama kwa tochi. Pakiti nane zilikuwa na vitundu kama vya sindano. Zilibaki nne. Wifi alitaka nipike siku ile ile kabla hazijaingiliwa, lakini nikaziacha jikoni siku tatu. Siku ya tatu moja iliacha vumbi jembamba la manjano. Wifi akaguna, "Kaka yangu huyu! Hata akiwa hayupo anatusumbua." Tukacheka, mara ya kwanza tangu tumzike.

Pakiti tatu kwa mabakuli tisa si shibe. Nilizipika kwa tui, iliki na zabibu, kila bakuli likapata vijiko vichache. Siku ya kutoka eda nikayapanga kwenye sinia ile ile, nikavuka kichochoro.

Jirani alifungua. Nikamwambia kabla hajapokea, "Shoga, stoo yangu iliingia fukusi. Hizi ni tambi za marehemu. Nimezitazama mara mbili, lakini siwezi kukuapia."

Akaniangalia, akaangalia mabakuli. "Kama wamo, si washaiva?"

Akachota kijiko, akala mbele yangu, amesimama mlangoni. Akachota cha pili, na cha tatu. Kisha akasema, "Sukari hukuifanyia ubahili. Marehemu mwenyewe alipenda hivi." Alijua, kwa sababu miaka yote sahani ya kwanza ya tambi za Idi ilitoka kwetu ikaenda kwake.

Sikuachiwa nirudi na sinia tupu. Alinitilia pakiti ya unga wa ngano. Nilipofika nyumbani miguu ilinipeleka mpaka mlango wa stoo. Nikageuka, nikarudi jikoni, nikaiacha palepale juu ya sinia, peke yake.