Kumrudisha Kipa kwa Mamake

Siku yangu ya kwanza kama katibu wa klabu, kule Likoni, nilifika na shahada mpya na fomu za usajili mkononi. Mzee Athmani, mwenyekiti aliyeianzisha timu kabla sijazaliwa, alizikunja fomu zangu akanipa kikapu cha halwa nibebe.

"Twenda kuposa," akasema.

"Kumposa nani?"

"Kipa."

Nyinyi mnaosajili wachezaji kwa simu mtacheka. Nami nilicheka. Lakini mwenyekiti hakumchukua kijana yeyote bila kwenda kwao baada ya swala ya alasiri, kanzu imepigwa pasi, kumwomba kwa mamake. Siku hiyo tulivuka feri tukaenda hadi Kisauni, kwa mjane aitwaye Bi Zuhura.

"Nimekuja kumwomba Bakari, acheze kwetu."

"Na mpira ukiisha?"

"Nitamrudisha mwenyewe, hapa mlangoni."

Bi Zuhura akaipokea halwa. Yakaisha. Fomu tulijaza baadaye, kuwaridhisha wakubwa wa ligi.

Njiani tukirudi nikamuuliza mzee kwa nini asimwombe Bakari mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu.

"Wewe Bi Kwanini," akanijibu, "akivunjika mguu, atauguzwa na ligi?"

Kazi yangu ilikuwa kutunza kadi za wachezaji na kumpokea kamishna, yaani msimamizi anayetumwa na ligi kila mechi. Niliifanya hadi mwenye kiwanja alipokizungushia ukuta. Timu isiyo na uwanja haichezi ligi. Kamati ikaketi, klabu ikavunjwa.

Nilitaka kutangaza kwenye kundi letu la simu. Mzee Athmani akakataa. Moyo wake ulikuwa umechoka na daktari alishamkanya kutembea juani, lakini alizunguka Likoni, Mtongwe hadi Changamwe, nyumba kwa nyumba, na halwa yake, akimrudisha kila kijana kwa mamake.

"Nilimwomba mzima, nakurudishia mzima. Niwie radhi."

"Mwenyekiti, huyu kaa naye tu," mama mmoja akamwambia, "atanimalizia wali!" Kisha akajifuta macho kwa leso.

Bakari peke yake alikataa. Kila tukipanga kwenda Kisauni, haonekani. Nilipomkamata, alisema, "Katibu, wenzangu wote wamerudishwa. Maadamu mimi bado, timu ipo."

Mwenyekiti akalazwa, na kila nilipokwenda kumtazama aliniambia neno moja tu: "Bado Bakari."

Alifariki alfajiri. Mazishi yalikuwa baada ya alasiri. Nilimkuta Bakari barazani kwa marehemu, hataki kusemeshwa na mtu. Nikachukua kikapu cha halwa, nikamwambia twende. Hakuniuliza wapi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho katika ukatibu. Tangu hapo nimealikwa na klabu mbili, nimekataa zote.

Bi Zuhura alifungua mlango, akatutazama, kisha akatazama nyuma yetu.

"Yuko wapi aliyemwomba?"

Bakari akasema, "Ametutoka, mama."

Akaipokea halwa kwa mikono miwili, akaiweka chini, akamshika mwanawe mashavu.

"Haya, umerudi. Sasa toka, ukamzike babako."

Bakari akaondoka mbio. Sisi wanawake hatufiki makaburini. Nikaketi mkekani na Bi Zuhura, halwa katikati yetu haijafunguliwa, mpaka ikaadhiniwa alasiri, saa yake mwenyekiti ya kubisha hodi.