Tundu Jipya Kwenye Mkanda wa Saa

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya moyo hapa Arusha, Sista Mkuu alinikabidhi mizani kabla sijavua hata sweta. "Moyo ukichoka kusukuma damu, mgonjwa hujaa maji," alisema. "Kilo zikipanda, mwite daktari. Mizani haidanganyi." Nililishika neno hilo kama Sala ya Bwana.

Mkulima mmoja wa kahawa kutoka juu ya Tengeru alikuja mara tatu, kilo zake zile zile. Mara tatu nikaandika: anaendelea vizuri. Mara hiyo ya tatu Mganga Mfawidhi akamvua koti. Miguu imevimba, mabega mifupa mitupu. Mkanda wa saa yake alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari ili usimpwaye.

"Sista, hukuona?"

"Kilo hazijabadilika, daktari."

"Maji yameingia, nyama imetoka. Sasa ulikuwa unapima nini?"

Alinifundisha pale pale, nami nikitamani ardhi inimeze. Moyo ukilegea, damu hukwama hadi kwenye utumbo, na sumu za vijidudu huweza kupenya. Kinga ya mwili huchachamaa, na ghasia yake huvuruga umetaboli, yaani namna mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu. Basi mwili unakula misuli yake wenyewe, kama mtu anayechoma nguzo za nyumba ili aote moto. Na moyo nao ni msuli.

Yule mzee alizikwa kabla kahawa yake haijaiva. Mjane wake aliniletea mkungu wa ndizi. "Asante mwanangu, mlikuwa mnampima kila mara." Sikuweza kuzila.

Tangu hapo nilipima hadi unene wa mikono ya wagonjwa, kwa futi ya fundi cherehani. Katibu wa hospitali alinitania, "Sista, suti itakuwa tayari lini?" Sikucheka. Niliogopa, na woga huo nimestaafu nao. Kanisani Kimandolu wenzangu wanatazama madhabahu, mimi natazama vifundo vya miguu.

Mume wangu hunicheka: "Mama Neema, umestaafu, pumzika." Jumapili iliyopita alikwenda ibadani na kandambili, eti viatu vinambana. Tuliporudi akavua saa, akaiweka mezani. Niliichukua. Nikahesabu matundu, nikahesabu tena.

"Baba Neema, vaa koti twende hospitali."

"Ya nini? Si nimejipima juzi? Kilo zangu ni zile zile."